Nambari Iliyorukwa

Wasia wa Mzee Shekue niliupiga chapa mara tatu.
Mara ya kwanza utepe wa wino ulikwisha katikati,
mara ya pili alimkumbuka dada yake wa Jomvu,
mara ya tatu nitaieleza.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, Barabara ya Digo,
juu ya duka la vitambaa. Feni ina bawa lililopinda
na kila ikizunguka hukohoa.
Wakili Mvurya husoma, mimi hufuata kwa vidole.

"Baada ya sanda, kaburi na madeni,
mali ikatwe mafungu matatu.
Mawili yaende kwa wenyewe, kama Mungu alivyogawa:
Badi apate maradufu ya Nunu, na Nunu sawa na Mwanakombo,
na mke wangu thumuni yake asipunjwe."

Nyumba ya mawe ya Kuze ilikataa kugawika.
Ngazi moja, kisima kimoja, mlango mmoja wa msaji.
Nunu akawekewa vyumba vya juu, Badi akawekewa ngazi,
"na wasinyimane njia."
Hilo nililiandika nikiona kabisa
salamu zitakavyokauka kwenye kila kidato.

Fungu la tatu ndilo lililomtoa mzee jasho.
"Hili ni wakfu. Asili yake isiuzwe, isirithiwe,
isitolewe zawadi. Huliwa tunda, haliliwi shina."
Shamba la Kisauni, minazi mia nne na ushei,
na viwanja vya Majengo, vile ambavyo
sisi tunamiliki kuta na mabati
naye akamiliki mchanga ulio chini ya vitanda vyetu.
Wadhamini wawe watatu, wawili wasiwe wa damu yake,
"maana damu," alisema, "haijui hesabu."

Orodha alinipa kwa penseli, nyuma ya kalenda ya msikiti.
Mia mbili na tisa. Na kumi. Na kumi na moja.
Na kumi na tatu. Na kumi na nne.
Kama kinywa kilichong'oka jino.

Mia mbili na kumi na mbili
ndipo alipo mama.
Baba alijenga pale kwa udongo, kisha kwa matofali.
Kodi ya ardhi tumelipa tangu ikiwa shilingi kumi na mbili;
stakabadhi zote zimo ndani ya kopo la samli.

Alisahau? Au kile alishampa Badi kwa siri,
Badi anayekuja na wapima ardhi,
anayetaja kituo cha petroli
kama mtu anayetaja jina la mchumba?
Sikuuliza. Mpiga chapa haulizi.
Kidole kilikwenda. Mbili, moja, mbili.
Mashine haikuona tofauti.

Mzee aliletewa nakala. Alivua miwani,
akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.
Alisoma kwa ukucha, mstari baada ya mstari,
na ukucha ulipofika pale
ukasimama.
Feni ikakohoa. Nilihesabu: mara saba.
Kisha ukucha ukaendelea na safari yake,
na saini ikatoka imenyooka kuliko siku zote.

Alikufa mfungo nne. Baada ya arubaini
walikuja kusomewa, wamevaa vizuri.
Badi aliirudia ile nambari kama anayeonja chumvi.
"Hata hiyo? Mzee hakuniambia hivyo."
Wakili akamgeuzia karatasi: "Imeandikwa. Imetiwa saini."
Mimi nilikuwa namimina kahawa.
Haikumwagika.

Sasa stakabadhi husema Wakfu wa Shekue Athmani.
Usiku wa Ijumaa mama humsomea Yasini,
akimaliza huniuliza mbona siitikii amina kwa nguvu.

Ile kalenda ningali nayo, chini ya droo.
Miezi yake yote ilishapita.
Nyuma yake pengo liko palepale.